Maisha ya Mwalimu Gisiri kwa Mkono Wake Mwenyewe

Kehancha,
6 Februari 2023

Mwanangu Nyangi,

Mvua haijaja, ng'ombe wamekonda lakini hawajafa, na wifi yako Liz anakusalimu. Baada ya hayo, nije kwenye neno.

Juma lililopita walinijia watu wa kamati ya shule yangu ya zamani. Wanafanya jubilii, nao wanataka kijitabu. Mwenyekiti wao, Bwana Omanga, akaniambia wamempata kijana wa chuo kikuu ambaye ataandika tawasifu ya mwalimu mkuu wa kwanza.

Nikamwuliza, "Ataandika nini?"

"Tawasifu yako, Mwalimu."

"Akiandika yeye, huo ni wasifu. Tawasifu huandikwa na mwenye maisha. Nilikufundisha jambo hilo mimi mwenyewe, nawe ulikuwa ukikaa karibu na mlango."

Wenzake wakacheka. Yeye alitazama viatu vyake.

Basi nimeamua. Bado nina mkono, nitaandika mwenyewe. Katika riwaya, mwandishi ni mtu mmoja, msimulizi aweza kuwa mwingine, na mhusika mkuu wa tatu. Katika tawasifu hao watatu hukaa katika ngozi moja. Ndiyo sababu ni kazi ya hatari, na ndiyo sababu sitaki kumwachia kijana nisiyemjua. Wewe utakuwa mhariri wangu. Rekebisha lugha tu, maisha usiyaguse.

Nitaandika yote. Hata ya ndugu yako Nchagwa na machimbo ya Masara nitayaandika. Ni miaka sasa tangu shimo lile limfunike, nami sijapata kulitamka jambo hilo hata kanisani. Lakini mtu hawezi kuandika maisha yake akaruka kaburi la mwanawe.

Usinipigie simu. Sikio langu limekuwa mlango uliofungwa, tunaishia kupigiana kelele kama watu wa mnadani. Tena unaijua sheria ya nyumba hii: Kikuria ni cha kuongea, Kiswahili ni cha kuandika.

Baba yako,
Elkanah Gisiri


Ndhiwa,
20 Februari 2023

Tata mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa katika chumba cha walimu, nikaisoma tena nyumbani. Nimefurahi kwamba utaandika, na kazi ya uhariri naipokea.

Ijumaa niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, "Tawasifu ni nini?" Kijana mmoja anaitwa Gordon akainua mkono: "Mwalimu, ni mtu kujisifu." Darasa zima likacheka. Nilimsahihisha, lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikaona kwamba Gordon hakuwa mbali na ukweli. Anayeandika shajara huandika jioni ya siku ileile, hajui kesho kuna nini. Anayeandika tawasifu anajua mambo yalivyoishia, basi hushawishika kuupanga mwanzo ili afike mwisho akiwa msafi. Wewe si mtu wa namna hiyo, lakini nakukumbusha kama mhariri.

Sasa naongea kama mtoto wako. Tangu mazishi sijakusikia ukilitaja jina la Nchagwa mpaka barua hii. Mama alikufa akisubiri ulitaje. Siku Nchagwa alipoondoka kwenda Masara nilikuwa jikoni, nami nilisikia ulichomwambia pale uani. Silileti jambo hilo ili kukulaumu. Ulitaka awe mwalimu, naye akachagua dhahabu, na hasira ya mzazi ni kitu kinachojulikana. Nataka tu niione siku ile kwa macho yako, kwa sababu mpaka leo ninayo kwa masikio yangu peke yake.

Ukiandika hilo, hata usipoandika kingine, utakuwa umeandika.

Binti yako,
Nyangi


Kehancha,
11 Aprili 2023

Mwanangu Nyangi,

Nimekutumia sura mbili za kwanza. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani.

Unajua kwamba shuleni neno kumbukumbu tunalitumia pia kwa taarifa ya mkutano: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru. Kila asubuhi nikiketi mezani naita mkutano. Wa zamani sana huja mapema na kukaa mbele: marehemu baba yangu, yule ng'ombe mwekundu, mmishonari aliyekuwa akitembea na kiti chake. Hawa wa juzi ndio wakaidi. Wengi hawatumi hata udhuru.

Jana nilikaa muda mrefu nikitafuta jina la kile kidude cha kuchongea penseli. Nilikuwa nimekishika. Mwishowe nikamwita Liz, akaniambia, "Baba, si ni kichongeo." Tulicheka sana. Baadaye sikucheka.

Sura ya tatu itakuwa ya Nchagwa. Nimeianza mara kadhaa.

Natumai masomo ya chuo yanakwenda vizuri na chakula chenu huko kinatosha.

Baba yako,
Elkanah Gisiri


Ndhiwa,
2 Mei 2023

Tata,

Umenirudisha chuoni, natamani ningekuwa na umri ule. Hapa ni chaki na vitabu vya kusahihisha tu, na mvua imeharibu barabara ya kwenda sokoni.

Sura zako ni nzuri. Mahali ulipojifunza kusoma kwa maandishi ya debe la mafuta ya taa, ukadhani kila kitabu duniani kinanuka mafuta, nimewasomea wanafunzi wakaniomba nirudie. Lugha sikuigusa ila mahali pachache.

Jambo moja. Katika sura ya kwanza ulikutana na Mama sokoni Isebania, akiuza ndizi. Katika sura ya pili mnakutana kwa mara ya kwanza kanisani, naye hakuwahi kuuza kitu maishani mwake. Nilitaka kuondoa moja, kisha nikaziacha zote mbili. Nadhani ulitaka kuonyesha kwamba mtu humwona mpenzi wake mara ya kwanza zaidi ya mara moja. Ni mbinu nzuri, na sikuitarajia kwako, kwa maana ulikuwa ukitukataza madoido.

Sasa sura ya tatu. Usiiogope, Tata. Nipo.

Nyangi


Kehancha,
3 Julai 2023

Mwanangu,

Sura hii hapa. Nimeipenda kuliko zote. Iliponijia ilikuja yote kwa pamoja, sikufuta hata neno.

"Siku hiyo mwanangu Nchagwa alifunga nguo zake katika begi, akaniambia anakwenda Masara kuchimba dhahabu na wenzake. Nilikasirika. Nilikuwa nimemtafutia nafasi katika chuo cha ualimu. Alitoka, akapita uani, akafika kwenye miti ya mikaratusi. Hapo moyo wangu ukanisukuma. Nilimfuata mbio, mimi mtu mzima, kiatu kimoja kikanivuka, nikamshika mkono. Nikamwambia, 'Mwanangu, turudi.' Alinitazama, akalia, tukarudi pamoja. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Mwaka uliofuata akaingia chuoni. Leo ni mwalimu huko Isebania, ana mke mwema aitwaye Liz, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Katika maisha yangu nimefanya makosa, lakini siku hiyo sikukosea."

Niambie unavyoiona.

Baba yako,
Elkanah Gisiri


Ndhiwa,
14 Julai 2023

Baba,

Nimekaa na sura yako siku nyingi nikitafuta namna ya kukujibu kwa adabu. Sikuipata, kwa hiyo nitakujibu kwa ukweli.

Hii si tawasifu. Hata riwaya ya kitawasifu siwezi kuiita, kwa sababu mwandishi wa riwaya humwambia msomaji kwamba amebuni. Wewe uliniambia utaandika yote. Uliandika, kwa mkono huohuo, kwamba mtu hawezi kuruka kaburi la mwanawe. Hukuliruka tu. Umelifukia ukapanda maua juu yake.

Hukumfuata Nchagwa. Ulisimama uani ukamwambia, "Ukivuka mti ule, usirudi hapa mpaka uwe mtu." Akavuka. Hakurudi mpaka mvua za mwaka 2017, shimo la Masara lilipoporomoka na wenzake wakamtoa kwa majembe. Aliletwa kwa pikapu, amefunikwa turubai la bluu. Ulikuwepo. Ulisimama kaburini na kofia yako kichwani, mchungaji akakuomba uivue, ukakataa. Hukulia. Mama alilia peke yake mpaka naye akaondoka.

Nchagwa amekufa, Baba. Hakuwa mwalimu hata siku moja. Liz ni mjane, anakupikia uji kila asubuhi, nawe umemwandika kama mke wa mtu aliye hai. Sijui ataisoma vipi.

Mtu akijisafisha kwa kalamu, wino ndio huo huo utakaomchafua. Andika sura hii upya, au utafute mhariri mwingine.

Nyangi


Kehancha,
9 Agosti 2023

Wifi Nyangi,

Hamjambo huko. Sisi tuko. Mimi si mtu wa kuandika, lakini nimejaribu kukupigia simu mara nyingi na kila wakati naikata kabla hujashika, kwa sababu najua nitalia. Nimeona niandike kama nyinyi.

Barua yako ya Julai mimi ndiye nilienda kuichukua posta. Nikampatia mzee, nikaenda kupalilia. Nikiwa shambani nikasikia sauti, nikadhani ni ndama amekwama. Kurudi, nimekuta mzee amekaa chini kwa sakafu na barua iko mkononi. Akasema, "Liz, kijana wangu amekufa na hamkuniambia."

Nikamwambia, "Baba, ulijua. Wewe ndiye ulimzika."

Akaniangalia kama naongea uongo. Akauliza, "Mazishi ni lini?"

Wifi, hakuwa anacheza. Aliingia ndani akavaa ile koti nyeusi, akapanguza viatu. Nikamshika mkono nikampeleka kwa kaburi. Akapapasa simiti, akaona vile nyasi imeota pembeni, akaniuliza, "Mbona kaburi lenyewe ni la zamani?" Alilia mpaka jua likaenda. Na kofia alivua.

Asubuhi aliamka vizuri, akakunywa uji, akaniuliza kama Nchagwa ametuma salamu kutoka Isebania. Nikashukuru Mungu, nikasema basi imepita. Lakini saa ya kuandika ikafika, akaenda kwa meza, akaiona barua, akasoma. Ikaanza upya. Kilio ile ile, koti ile ile, na mimi namshika mkono tunaenda kaburini. Na kesho yake tena. Ndiyo nikaichukua hiyo barua nikaificha ndani ya gunia la maharagwe, sasa imetulia.

Huu ugonjwa ulianza kitambo. Nilimpeleka hospitali Migori mwaka jana, daktari akasema ni ubongo unazeeka, anasahau, na itaongezeka. Mzee akanikataza kukuambia. Alisema, "Nyangi ananiheshimu kwa sababu ya kichwa changu." Alisema ataandika maisha yake haraka kabla hayajatoka. Mimi nikafikiri kwa vile unasoma barua zake, utaona mwenyewe.

Sikukasirikii. Lakini Nchagwa alikuwa bwanangu. Kila siku mzee akipata hiyo habari, mimi pia nafiwa.

Wako,
Liz


Ndhiwa,
21 Agosti 2023

Liz,

Sikuona. Nimezitoa barua zake zote nikazipanga juu ya kitanda, na sasa naona kila kitu. Aliniuliza habari za chuo. Alikutana na Mama kwa mara ya kwanza mara mbili. Mimi nikaiita mbinu. Nafundisha watoto wa watu jinsi ya kusoma, na nimesoma mkono wa baba yangu ukizama nikausifu kwa ufundi wake.

Nisamehe, wifi. Kaichome barua ile.

Shule zimefunga na ungenitarajia. Sitakuja bado. Naogopa. Nikitokea mlangoni ataniuliza ndugu yangu hajambo, nami sijui mdomo wangu utasema nini. Nipe muda kidogo.

Nimekutumia blanketi na dawa za presha za Baba kwa gari la Migori.

Nyangi


Kehancha,
10 Septemba 2023

Wifi,

Vitu vimefika. Barua nimechoma.

Sasa kuna jambo lingine. Mzee amejua kwamba Nchagwa haandiki. Kila siku anatoa kiti anakaa kwa geti, anangoja barua kutoka Isebania. Nikimwambia labda kazi ni nyingi, ananiambia, "Mwalimu hakosi dakika ya kumwandikia baba yake. Amenikasirikia. Nilimfanya nini, Liz?" Hiyo swali anauliza mpaka natamani niwe kiziwi.

Nakuomba umwandikie. Andika kama wewe ni Nchagwa. Sema tu uko mzima, huna hasira, utakuja Krismasi. Wewe unajua vile alikuwa anaongea, na unajua Kiswahili ya mzee. Ni karatasi moja tu.

Liz


Ndhiwa,
25 Septemba 2023

Liz,

Nimejaribu. Nilikaa na karatasi, nikaandika "Baba mpendwa, mimi mwanao Nchagwa," na mkono ukakataa kuendelea.

Niliwahi kumwandikia Baba maneno makali kwa sababu alisema uongo ambao hakuujua. Sasa niuseme mimi ninayeujua? Neno "mimi" ni la mtu mmoja. Nchagwa amelala na lake, na siwezi kwenda kulichukua. Nikifanya hivyo, ndugu yangu atakuwa ameondolewa mara ya pili, na safari hii nitakuwa mimi niliyemtoa.

Najua utasema ni rahisi kwangu kwa sababu siketi naye getini. Ni kweli.

Nyangi


Kehancha,
30 Oktoba 2023

Wifi Nyangi,

Niliposoma ya kwako nilikasirika, nikaandika mwenyewe. Nikatumia karatasi safi na bahasha mpya. Nilimwekea: "Baba, mimi Nchagwa niko salama huku Isebania, bibi yangu Liz ako hapo na wewe, msikosane. Sina hasira. Nitakuja Krismasi."

Alifungua kwa haraka kama mtoto. Akasoma. Akaenda ndani, akarudi na ile kalamu nyekundu ya zamani, akaanza kusahihisha. "Ako" akakata akaandika "yuko." "Bibi yangu" akaandika "mke wangu." Akaweka alama chini. Akanirudishia, akasema, "Liz, mwanangu hawezi kuandika hivi. Nilimfundisha mwenyewe. Aliyeandika hii ni mtu mwema, lakini si yeye."

Halafu akaniuliza polepole, "Kwa nini mtu mwingine anamwandikia?"

Nikatoka nje. Sikuweza kumwangalia.

Hajaenda kwa geti tena. Anakaa tu ndani, hali vizuri, anaangalia ukuta. Zile karatasi za kitabu chake anazisoma na kuzigeuza, na haandiki.

Wifi, kuogopa kunatosha. Njoo. Mimi nimechoka peke yangu.

Liz


Ndhiwa,
17 Novemba 2023

Liz,

Nimemaliza kusimamia mitihani. Naja Jumanne. Usimwambie kwamba naja, asije akangoja akachoka.

Nyangi


Kehancha,
15 Januari 2024

Kwa Mwalimu Nyangi,
Ndhiwa.

Mwalimu,

Pokea heshima zangu. Anwani yako nimepewa na Liz, mke wa mwanangu, anayenitunza. Mwezi ule ulipotutembelea hukuniambia umekuja kwa shughuli gani, nami sikuuliza, maana mgeni haulizwi siku ya kwanza. Lakini mazungumzo yetu kuhusu ngeli za nomino yalinifurahisha. Ni miaka mingi sijapata mtu wa kubishana naye. Ulikuwa msikivu, ingawa nilikuona ukifuta macho kila mara. Liz aliniambia ni moshi wa jikoni. Pole kwa hilo.

Nimeona nikuombe jambo.

Nilikuwa nikiandika tawasifu. Nimeiacha. Nikizisoma kurasa zangu naona mwandiko ni wangu, lakini huyo anayesema "mimi" humo ndani simfahamu kila siku. Siku nyingine tunasalimiana. Siku nyingine ni kama mtu aliyeingia nyumbani kwangu akavaa nguo zangu. Kanuni inataka mwandishi, msimulizi na mhusika wawe mtu mmoja. Mimi sharti hilo silitimizi tena, na singependa kuwadanganya wasomaji kwa kitu ambacho nilikifundisha kwa viboko.

Nakuomba uniandikie wasifu. Usiandike "mimi." Andika "yeye," nami nitaridhika kuwa yeye. Karatasi zangu zote nitakupa, na palipo na kosa utapajua kwa kuuliza watu.

Kuhusu mwanangu Nchagwa. Nikilitaja jina hilo hapa, watu hunyamaza. Liz ana uso ambao nimewahi kuuona kwa wanawake waliofiwa. Mimi ni mgonjwa, si mjinga. Nenda ukaulize majirani, nenda hata machimboni Masara, kwa maana jina la mahali hapo hunijia bila kuitwa. Andika utakachokikuta, kilivyo. Wasifu wa uongo ni tangazo la biashara. Lakini ukija kunisomea, ukifika ukurasa huo, upite.

Mwisho, nina binti mwenye jina kama lako. Nadhani yuko chuoni. Aliwahi kuniandikia, kisha akanyamaza. Nahisi kuna jambo nililomkosea, kwa sababu nikimfikiria mwili huwa baridi, lakini jambo lenyewe limenitoka. Alikuwa mtoto mwenye akili na asiyependa kudanganywa. Usimsumbue kwa habari hizi. Ana masomo yake.

Wako mtiifu,
Elkanah Gisiri
Mwalimu Mkuu (mstaafu)


Ndhiwa,
29 Januari 2024

Kwa Mwalimu Gisiri,
Kehancha.

Mwalimu,

Barua yako imenifikia. Nakubali kazi hiyo, na nashukuru kwamba umenichagua mimi.

Nimekwisha kuianza. Jumamosi nilikwenda Masara. Huko kuna mama mmoja anaitwa Risper, anayewapikia wachimbaji, naye alikaa nami mchana kutwa akinieleza. Nimeandika kila alichosema, kilivyo. Ukurasa huo nimeuweka mahali pake, na nikikusomea nitaupita kama ulivyoagiza.

Nitakuja mwisho wa kila mwezi nikae nanyi siku mbili, ili Liz naye apate kupumzika na kwenda kwao. Hutahitaji kuandika chochote. Utakuwa ukizungumza, nami nitaandika "yeye." Siku usiyojisikia kuzungumza tutabishana kuhusu ngeli.

Huyo binti yako simsumbui. Lakini wasifu wa mtu hauwezi kumkosa mtoto wake, kwa hiyo nikija mara hii naomba tuanze na yeye. Uniambie alikuwa mtoto wa namna gani, alipenda nini, na mlipokuwa mkitembea pamoja alikuwa akikuuliza mambo gani. Niambie kwa namna yoyote itakayokujia, hata kama leo itakuwa hivi na kesho vile. Yote nitayaandika, wala sitakusahihisha.

Mwalimu Nyangi